Mzee Gramu na Zile Siku Arobaini na Tano

Ndugu waombolezaji, historia hii ya baba, mume, babu na kaka yetu iliandikwa jana mchana mezani kwake, familia ikiwa imekaa pamoja na kila mmoja akikumbusha tarehe anazozijua, na inasomwa na mdogo wake aliyemfuata ziwa, ambaye si msomaji wa haraka, kwa hiyo pale atakaponyamaza kidogo mumvumilie, hajapotea mstari.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mzee Gramu na wengine hamkuwahi kulijua jina lake jingine, alizaliwa siku ya Alhamisi tarehe 14 Machi 1957, asubuhi, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kinu cha kusaga nafaka, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba, baba yake akiwa mwendesha kinu na mama yake mkulima. Inasimuliwa kwamba alizaliwa mdogo mno, hata baba yake akamfunga kwenye kitambaa akaenda naye kinuni kumpima kwenye mizani ya mahindi, mizani ikakataa kusogea, akarudi kumwambia mkunga kwamba mtoto hana uzito. Marehemu aliisahihisha hadithi hii kila iliposimuliwa, akisema uzito ulikuwepo, ila mizani ile ilikuwa na kutu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya mto, akamaliza darasa la saba Novemba 1971, na kwa kuwa nafasi za sekondari zilikuwa chache na majina yalikuwa mengi, alirudi kumsaidia baba yake kinuni, hadi mwaka 1973 alipoanza kujifunza kazi kwa fundi wa mizani aliyekuwa na kibanda pembeni mwa soko. Mwaka 1976 alihudhuria mafunzo ya miezi tisa ya ukaguzi wa vipimo, na tarehe 1 Julai 1977 aliajiriwa rasmi katika idara ya vipimo, siku hiyo hiyo, kwa karatasi hiyo hiyo, pamoja na mwenzake tuliyemwita Mrefu, na hao wawili walifanya kazi miaka arobaini kamili hadi walipostaafu pamoja tarehe 30 Juni 2017, Mrefu akabaki mji mkuu alikokuwa amehamishiwa, na marehemu akabaki hapa alikojenga.

Kazi yake ilikuwa kuzunguka masoko, mabucha, vituo vya kununulia mazao na kliniki za watoto, akiwa na sanduku la mbao lenye mawe ya shaba, kuanzia la gramu moja hadi la kilo kumi, na muhuri wa chuma wa kugonga mizani iliyo sawa. Jiwe la shaba hakulishika kwa mkono mtupu, alilishika kwa kitambaa, kwa sababu jasho la mkono lina uzito wake. Alipoweka jiwe kwenye sahani aliinua kiganja chake cha kulia, watu wote wanyamaze na wasisogee, akasubiri mshale uache kucheza, hata kama ni dakika nzima, kisha akasoma, akatoa jiwe, akarudia, na tena mara ya tatu, na katika zile tatu aliandika ndogo kuliko zote. Aliwafundisha wote waliopita chini yake kwamba mizani inayocheza haisomwi, anayeisoma ikicheza anajisomea tamaa yake. Wauzaji walipomwona kwa mbali walipeana habari kwamba Gramu anakuja, na kuna muuza samaki mmoja, yuko hapa leo, aliyekuwa akisema siku hiyo vidole gumba vya soko zima vinaota mbawa.

Mwaka 1982, katika ukaguzi wa mwezi Agosti, aliifunga mizani ya bucha moja iliyokuwa ikipunja gramu arobaini kwa kilo, na wiki mbili baadaye alirudi kwenye bucha ile ile akiwa amevaa koti, akaomba kuzungumza na mwenye bucha faragha, kwa kuwa siku ya ukaguzi alikuwa amemwona binti yake. Mwenye bucha alimtazama, akamuuliza, "Umenifungia mizani, sasa unataka na binti?" Marehemu akajibu kwamba kwenye mizani alikuta kasoro, kwa binti hakuona. Walifunga ndoa takatifu Jumamosi tarehe 23 Aprili 1983, na baba mkwe alikwenda kanisani akiwa na mizani mpya tayari buchani kwake, iliyogongwa muhuri na mkwewe.

Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kwanza wa kiume, fundi umeme, aliyezaliwa mwaka 1984, wa pili wa kike, mwalimu, mwaka 1987, wa tatu wa kike, mshonaji, mwaka 1991, na wa mwisho wa kiume, dereva wa lori, mwaka 1995, pamoja na wajukuu saba. Huyo wa tatu alipewa jina la mama mzazi wa marehemu, na kwa sababu hiyo marehemu hakuwahi kumwita kwa jina wala kumwita mwanangu, alimwita Mama tangu siku ya kuzaliwa, na akikosea alisema nitamchapaje mama yangu, jambo ambalo wenzake watatu wanasema halikuwa haki. Ndiye aliyeishi karibu, mtaa wa pili, na ndiye aliyemuuguza, na sehemu ya ugonjwa, itakayosomwa baadaye kidogo, familia imeiandika kama alivyoieleza yeye.

Katika kanisa, marehemu alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka ishirini na miwili, mtu wa sala fupi, na alizoea kusema kwamba binadamu unaweza kumwibia kilo, lakini Mungu haibiwi hata gramu.

Marehemu alianza kulalamika mgongo mwezi Agosti 2021, akidhani ni lile sanduku la shaba, akatibiwa mgongo wa uzee kwa miezi kumi katika hospitali yetu, hadi mwezi Juni 2022 alipopelekwa hospitali kubwa ya mji mkuu, mwendo wa saa saba kwa basi, na huko ikaonekana ni saratani ya tezi dume iliyokwisha kufika mifupani. Alipewa matibabu yaliyowezekana. Mwezi Oktoba, angali anatembea kwa fimbo, yeye na binti yake walipitia kwa Mrefu, ambaye ugonjwa ule ule ulikuwa umemtangulia kwa miezi michache, wakamkuta amekaa kwenye kiti uani, amenyoa ndevu, anabishana na redio kuhusu mpira. Wakiwa pale ilifika gari ya tiba shufaa, ambayo ni tiba ya kumtuliza mgonjwa maumivu pale ugonjwa wenyewe usipopona, akashuka muuguzi na mkoba, akamuuliza Mrefu maswali, akampimia mofini ya maji kwenye kijiko, akaandika, akaondoka, na ikawa ni ziara ya pili wiki hiyo. Mrefu alifariki tarehe 19 Novemba 2022, usingizini, mkewe akiwa amemshika mguu. Katika basi la kurudi, siku ile ya Oktoba, marehemu alimwambia binti yake neno moja tu, kwamba Mrefu amekaa vizuri.

Tarehe 11 Januari 2023 madaktari wa hospitali kubwa walisema kwa upole kwamba hakuna la kuongeza, akapumzike nyumbani, na huduma ya maumivu ataifuata katika hospitali iliyo karibu naye. Gari ile ya tiba shufaa haitoki nje ya mipaka ya mji mkuu. Hospitali iliyo karibu naye ni hii yetu, ambayo kabati la mofini linalo, lina kufuli mbili na daftari, ila dawa haimo, kwa kuwa daktari mwenye kibali cha kuitoa alihamishwa miaka mitatu iliyopita na kibali hakikuja na mwingine. Kwa wagonjwa wa mbali kama sisi ipo fomu. Kila Jumatatu mgonjwa anafika chumba namba sita, muuguzi anamuuliza maumivu yako ni mangapi kati ya sifuri na kumi, na ikiwa ni saba au zaidi daktari anatia sahihi, ndugu wa mgonjwa anaipeleka fomu mji mkuu siku ya Jumatano, ambayo ndiyo siku ya watu wa mbali, anapewa chupa ya siku kumi na nne. Ikiwa ni chini ya saba, mgonjwa anapewa vidonge vya kawaida, vile ambavyo hata katika duka la pembeni vinauzwa.

Jumatatu tarehe 16 Januari marehemu alifikishwa chumba namba sita akiwa ameshikwa huku na huku, akakaa kwenye benchi, muuguzi akamuuliza. Binti yake alikuwa amemsikia tangu alfajiri akiuma shuka. Marehemu aliinua kiganja chake cha kulia, akafumba macho, muuguzi akasubiri na kalamu hewani, watu wa foleni wakaanza kuguna, na baada ya kitambo kirefu akashusha mkono akasema, "Tatu." Muuguzi, ambaye ni mtu mwema na familia haina neno naye, alimwambia mzee, uso wako unasema kingine, na marehemu akamjibu kwamba uso haujagongwa muhuri. Ikaandikwa tatu.

Jumatatu iliyofuata, tarehe 23, ikawa hivyo hivyo, kiganja, kimya, tatu. Binti yake alikwenda na fomu ile mji mkuu Jumatano tarehe 25 Januari, akijua imeandikwa nini, akidhani akionana na mtu uso kwa uso ataeleweka, na mama mmoja wa dirishani alimsikiliza mpaka mwisho, akamwambia pole mdogo wangu, hapa kwetu ningemtuma mtu aje amwone mwenyewe, lakini kwenu nina hii karatasi tu, na karatasi inasema tatu. Alirudi na basi la siku ile ile. Marehemu alipomuuliza safari, alisema ilikuwa nzuri.

Familia ilifikiria kumhamishia mji mkuu. Kijana wetu wa kwanza alikwenda kutafuta chumba ndani ya mipaka ya ile gari, akakipata, lakini marehemu alipopandishwa garini kujaribiwa, mwendo wa kutoka nyumbani hadi barabara ya lami, ambao wote mnaujua, ilibidi arudishwe. Mrefu na yeye waliajiriwa siku moja, wakastaafu siku moja, wakaugua ugonjwa mmoja, na daftari la serikali liliwaandika ukurasa mmoja. Familia inaeleza ilivyokuwa, haimlaumu mtu.

Jumapili tarehe 12 Februari, baada ya ibada, binti yake alifunga mlango wa chumba, akapiga magoti kando ya kitanda, akamwambia, "Baba, kesho sema nane. Neno moja tu." Marehemu hakukasirika, akasema, "Mama, watu niliowafungia mizani zao wako wengi, na wengine walikuwa na watoto. Leo mimi niongeze yangu?" Binti akamwambia baba, huko mnapima nyama, huku unaumwa. Marehemu akasema ni kweli, naumwa, lakini nikiulizwa kiasi nitasema kiasi, na kumi, Mama, ni mwisho wa mizani, mshale ukigonga mwisho mizani imevunjika, mimi sijavunjika. Mama mtu, aliyekuwa amesimama nje ya mlango na bakuli la uji, aliingia akasema tu kwamba uji unapoa. Mchungaji naye alikuja Alhamisi akamweleza kwamba kusema naumia si kumnung'unikia Mungu, marehemu akaitikia amina, na Jumatatu akasema tatu.

Siku hizo alikuwa amepungua, hawezi kulala chali wala ubavu, anakaa ameegemea mito mitatu na mikono imeshika ukingo wa kitanda, na maumivu yalikuwa yakija na kuondoka kama mtu anayepiga hodi akaghairi. Binti yake alikuwa amehamishia cherehani yake chumbani kwa baba ili awe karibu, na ni katika kushona pale, mguu ukiwa kwenye kanyagio, ndipo alipoanza kukiangalia kile kiganja. Aliona kwamba baba yake hakiinui katika chumba namba sita tu. Aliulizwa na mkewe unajisikiaje, akakiinua. Aliulizwa na mjukuu babu unaumwa, akakiinua. Alikiinua maumivu yakija, akakishusha yakipungua, kisha ndipo akajibu. Alikuwa akisubiri yatulie. Alikuwa akiyasoma mara tatu na kutaja namba ndogo kuliko zote, kama alivyofanya miaka arobaini, na alikuwa anasema kweli tupu.

Binti anasema hakulia, alimaliza upindo aliokuwa akiushona.

Jumatatu tarehe 27 Februari, wakiwa kwenye benchi nje ya chumba namba sita, mbele yao wakiwa wamebaki watu wawili, binti alimuuliza baba yake, kama mtu anayezungumza ili foleni isogee, "Baba, na ile isiyotulia kabisa, mlikuwa mnaiandikaje?" Marehemu akamjibu kwa sauti ile aliyokuwa akiwafundishia watu kazi, "Isiyotulia, unaandika mshale ulikofika mbali, halafu unaifunga." Wakaitwa. Muuguzi akauliza swali lake la kila Jumatatu, marehemu akainua kiganja, akafumba macho, muuguzi akasubiri, wakasubiri, mkono haukushuka. Ndipo akafumbua macho akasema, "Haijatulia tangu Ijumaa. Imefika tisa. Andika tisa." Muuguzi aliandika haraka, bila kuinua kichwa, na daktari akatia sahihi kabla hawajatoka mlangoni.

Binti alipanda basi Jumanne, akawa mtu wa nne dirishani Jumatano tarehe 1 Machi, na Alhamisi tarehe 2 Machi saa nne asubuhi marehemu alipewa kijiko cha kwanza. Kuanzia tarehe 16 Januari hadi siku hiyo ni siku arobaini na tano. Familia ilizihesabu jana, mara tatu.

Saa sita mchana siku hiyo alilala ubavu, akalala hadi saa kumi, na mkewe alikaa pembeni akimwangalia akipumua. Alipoamka aliomba maji ya kunawa, akakatwa kucha, akala nusu sahani. Siku zilizofuata alizungumza na kila mmoja wetu kwa zamu, aliimba ubeti mmoja Jumapili pamoja na wazee wenzake wa kanisa waliokuja, alimkosoa muuza sukari wa jirani kwa mizani yake ya springi bila kuamka kitandani, na mdogo wake huyu anayesoma aliambiwa aache kupunguza mbolea kwenye shamba la pamoja, kumbe siku zote alijua. Jumatatu, binti yake alipokuwa akimpa kijiko cha mchana, alimshika mkono akamwambia, "Mama, kumbe ilikuwa kubwa. Nilikuwa naisoma vibaya." Akanywa dawa yake.

Mzee wetu aliaga dunia siku ya Alhamisi tarehe 9 Machi 2023, saa tatu asubuhi, chumbani kwake, akiwa amebakiza siku tano kutimiza miaka sitini na sita, mkewe akiwepo na binti yake akiwepo, bila kushika ukingo wa kitanda. Alikuwa ametumia dawa ile siku saba. Chupa imebaki na nusu, na kwa mujibu wa kanuni inatakiwa kurudishwa mji mkuu ikapimwe na kuandikwa, na binti yetu ataipeleka Jumatano ijayo, ingawa katika mtaa huu huu yuko mgonjwa mwingine, na wakati tunaandika historia hii tulikuwa tukimsikia.

Familia inamshukuru daktari wa hospitali yetu na muuguzi wa chumba namba sita, ambaye siku ya Alhamisi alikuja kwa miguu baada ya zamu yake na kusaidia kumwosha, mama wa dirishani wa hospitali kubwa, ambaye jina lake hatukuliuliza, majirani waliotuazima viti, maji na ukimya, wafanyakazi wenzake wa idara ya vipimo, waliofika wakiwa na lile sanduku lake la shaba na wakalirudisha ofisini kwa sababu ni mali ya ofisi na yeye asingekubali vinginevyo, wauzaji wa soko waliofunga leo, mchungaji na wazee wa kanisa, na mjane wa Mrefu, aliyesafiri saa saba kuja kukaa na mwenzake.

Mwisho, mjane ameomba lisomwe jambo hili, na liandikwe vivyo hivyo alivyolisema. Wapo hapa wenye wagonjwa majumbani, na wapo ambao Jumatatu kesho kutwa watakuwa kwenye lile benchi. Mkiulizwa ni mangapi, semeni wakati yanauma. Msisubiri yatulie. Na aliye na mzee mkweli, amsemee.

Bwana alimtoa na Bwana amempokea, na uzito wake anaujua Yeye. Mume, baba, babu, kaka, Mzee Gramu, pumzika kwa amani.